Safari ya Luthuli: Kununua Kompyuta ya Kijana kwa Pesa za Amana



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao mahitaji ya nyumba hupitia mikononi mwenu, leo twawaletea habari za safari. Si safari ya Hija wala ya ziara. Ni safari ya Nairobi, kwenda kununua vipande vya kompyuta ya kuchezea michezo. Twajua baadhi yenu mmeshaguna. Nasi tuliguna hapo mwanzo, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu.

Dada yetu ni mjane. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini za mashua. Alipofariki miaka miwili iliyopita aliacha mke, binti mdogo, na kijana aliyekuwa Kidato cha Tatu. Kijana alimaliza mtihani wake wa Kidato cha Nne, akafaulu kwa kiasi, kisha akanyamaza. Hatuna neno jingine la kuieleza hali ile. Alikula, aliswali, aliitika alipoitwa, lakini mwenyewe hakuwapo. Baada ya Isha alikwenda katika chumba kimoja cha michezo ya kompyuta ambako hulipwa kwa saa, akarejea usiku wa manane nguo zikinuka moshi wa sigara za watu wengine.

Tulimkanya faraghani. Kisha, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimkanya hata darsani mbele ya wenzake, bila kumtaja jina lakini kwa namna ambayo kila aliyehudhuria alimjua. Akazidi kunyamaza.

Ndipo dada yetu alipotujia na kibweta cha bati. Ndani mlikuwa na shilingi 130,000: faida ya mahamri na viazi vya karai, pamoja na zamu yake ya mchezo wa pesa wa akina mama wa mtaani.

"Kaka," alisema, "mtoto akikesha nataka akeshe ndani, nimuone. Hiyo kompyuta wanayochezea huko, mnunulie. Nikae naye sebuleni."

Tulimjibu kwa mzaha kwamba pesa za mchezo zisije zikaishia mchezoni. Hakucheka. "Pesa ni zangu na mtoto ni wangu," alisema. "Kwako naomba safari tu."

Basi tulikubaliana masharti matatu mbele ya kijana mwenyewe. Kompyuta itakaa sebuleni, si chumbani. Adhana ikitoka, mchezo husimama. Na michezo ya kubahatisha pesa haitaingia katika nyumba ile. Kijana aliitikia yote kwa neno moja: "Sawa." Lakini tuliona kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliinua uso.

Karatasi ya kijana

Tulidhani kununua kompyuta ni kama kununua friji: waingia dukani, wachagua, walipa. Kijana alituambia kwamba ipo njia hiyo, lakini anayenunua vipande na kuviunganisha mwenyewe hujua kila shilingi ilikokwenda. Akatuletea karatasi ya daftari ambamo ameandika vitu vinane na bei zake, akakaa kutufunza. Tuliokuwa walimu tukawa wanafunzi, na dada yetu, aliyekuwa akikanda unga pembeni, akawa anaelewa haraka kutuliko.

Prosesa, alisema, ni mpishi. Yeye ndiye afanyaye kazi ya hesabu zote. Aliyoichagua ni Ryzen 5 5600 ya kampuni ya AMD, yenye viini sita, nayo haili umeme mwingi. Kumbukumbu ya RAM ni meza ya kukatia: ikiwa ndogo, mpishi hodari hubanana. Alitaka gigabaiti 16, lakini si kipande kimoja cha 16; alitaka viwili vya nane nane, kwa sababu vipande viwili hufanya kazi sambamba na data hupita kwa njia mbili. Diski ya SSD ni stoo, na siku hizi mchezo mmoja waweza kuchukua gigabaiti 100 na zaidi, basi akaandika terabaiti moja. Madabodi ni jiko zima ambamo hao wote hukutana, na ni lazima lishike mpishi uliyemchagua. Soketi ya prosesa na ya madabodi zisipolingana, umenunua mawe. Yake ilikuwa ya B550, inayoipokea prosesa ile.

Kisha kuna kadi ya grafiki, ambayo ndiyo inayochora kila kinachoonekana. Katika kompyuta ya michezo, hiyo ndiyo kitu ghali kuliko vyote, na ndivyo ipasavyo. Aliandika Radeon RX 6600 yenye gigabaiti nane zake mwenyewe. "Si kubwa, si ndogo," alisema. "Ya katikati."

Vilivyobakia ni kasha la kuvihifadhi, kifaa cha umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na skrini.

Juu ya hiyo pawa saplai sisi tulikuwa na kisa chetu. Miaka iliyopita tuliinunulia madrasa kompyuta, na kwa kutaka kuokoa pesa tulikubali fundi atie pawa saplai ya bei ya chini isiyo na jina. Umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo usiku mmoja, iliungua na kuiunguza na diski. Majina ya wanafunzi na karo za miaka mitatu vilikwenda na moshi. Uokozi wetu ulikuwa wa shilingi elfu mbili.

Dada yetu alituuliza kwa nini tusinunue papa hapa Mombasa. Maduka tuliyoyauliza yalikuwa na kompyuta nzima nzima, na baadhi ya vipande, lakini hapakuwa na moja lililokuwa na karatasi yote. Kuagiza kwa simu kunawezekana. Lakini pesa zilikuwa za mjane, nasi tulitaka kuviona kwa macho kabla ya kulipa.

Miritini hadi Syokimau

Tulitoka mjini alfajiri kuelekea stesheni ya Miritini. Garimoshi la saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani, na nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu. Wazee wetu walikuwa wakiipanda reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na safari yao ilikuwa ya usiku kucha. Hii mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na kwa saa sita hivi mtu ameshafika.

Baada ya Mariakani minazi huisha. Ardhi hugeuka nyekundu, miti hupungua kimo, na joto la pwani huachia hewa kavu. Kwenye mbuga ya Tsavo reli hupita juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini, na abiria wote huhamia madirishani. Tuliwaona ndovu, wekundu kwa vumbi la kwao, mama na watoto, wakienda zao bila kututazama. Kijana aliwapiga picha ampelekee dadake. Kisha, Voi ilipokwisha kupita, alianza kuzungumza.

Alituambia kwamba huko alikokuwa akienda usiku hakuendea sigara wala rafiki. Aliendea mchezo wa mashua. Upo mchezo ambamo mtu huendesha vyombo baharini, hununua injini, huzifungua na kuzifunga. "Nikicheza ule," alisema, "ni kama niko bandani na Baba."

Ndugu zetu, tulitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu. Miaka thelathini tumewafundisha watoto wa watu, na huyu wa damu yetu hatukuwahi kumuuliza anacheza nini. Tulimuuliza tu kwa nini anacheza.

Tulishuka Syokimau saa nane na ushei, tukachukua garimoshi dogo la kuingilia mjini. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja, kwa ruhusa ya msafiri, katika Msikiti wa Jamia. Asiyewahi kuuona, ni msikiti uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, wenye kuba tatu na minara miwili, katikati kabisa ya maduka na maofisi. Nje ni honi na makelele ya wachuuzi. Ukivuka kizingiti, zulia na kimya. Usiku tulilala kwa jamaa zetu South C, ambao walitupa wali, mchuzi, na mablanketi ambayo watu wa Mombasa huyakataa saa mbili usiku na kuyatafuta saa tisa.

Barabara ya Luthuli

Barabara ya Luthuli imepewa jina la Albert Luthuli, kiongozi wa Afrika Kusini aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Ni fupi, lakini kwa vitu vya umeme hakuna Mkenya asiyeijua. Zamani magari na mikokoteni ilibanana hapo hata mpita njia akakosa pa kuweka mguu. Mwaka 2019 ilitengenezwa upya: magari yakawa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, miti ikapandwa. Spika bado zashindana mlangoni, kila duka na wimbo wake, na vijana hukushika mkono kwa upole wakikuuliza watafuta nini.

Maduka ya vipande vya kompyuta si yale ya mbele yenye runinga. Mengi yako juu, katika majengo ya Luthuli na ya Moi Avenue, ghorofa ya pili na ya tatu, vyumba vidogo vidogo vyenye kaunta ya kioo. Tulipanda na kushuka ngazi hata magoti yakatukumbusha umri wetu. Kijana alikuwa na karatasi yake. Kila duka aliuliza bei, akaandika, akashukuru, akatoka. Hatukumfunza sisi adabu ile. Tulitambua kwamba ni ya babake.

Katika duka moja, ambalo hatutalitaja, muuzaji alitukaribisha kwa heshima nyingi, akatuwekea viti. "Shehe, leo umebahatika," alisema. Akatoa kadi ya grafiki kubwa kuliko ile ya karatasi, yenye nguvu zaidi, ndani ya boksi lake, kwa shilingi 33,000. Ile ndogo ya kijana ilikuwa 36,000 kila tulikopita. "Ni mpya kabisa. Imebaki moja tu."

Tukasema moyoni: kubwa zaidi, kwa bei ndogo zaidi, na mjane ataokoa elfu tatu. Mkono wetu ulikuwa umeshafika kwenye kibweta.

Kijana aliomba kuishika. Aliigeuza, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akachungulia katikati ya mapezi ya feni. Kisha alirudi akatunong'oneza: "Mjomba, hii imetumika. Tazama misumari yake ya parafujo, rangi imechunika, imefunguliwa. Na vumbi liko ndani huku."

Baadaye alitueleza jambo ambalo ni vyema kila mzazi alijue. Kwa miaka kadhaa watu duniani walitumia kadi hizi kuchimba sarafu za kidijitali, hasa ile ya Ethereum. Kadi zilifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Septemba mwaka 2022 Ethereum ilibadili utaratibu wake, uchimbaji ule ukakoma, na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni. Si kila kadi kuukuu ni mbovu, na kuuza kitu kilichotumika si haramu. Haramu ni kukiuza kwa jina la kipya.

Tulimuuliza muuzaji, bila ukali, kama kadi ile imewahi kutumika. Akatazama kaunta. "Imetumika kidogo tu," alisema.

Wasomaji wetu wengi wakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikatoka na majimaji, juu pakavu, chini palilowa. Tumekisimulia kisa hicho darsani mara nyingi. Siku ile aliyetia mkono ndani ya rundo alikuwa mpwa wetu, yule tuliyemkanya mbele ya wenzake. Sisi wenye kisa tulikuwa tukitazama juu tu.

Tulimshukuru muuzaji tukatoka.

Injini na mashua

Saa tano tulikuwa tumepata karibu kila kitu, isipokuwa pawa saplai na skrini. Na hapo penye skrini ndipo kijana alipojaribiwa.

Karatasini aliandika skrini ya inchi 24, yenye pikseli 1,920 kwa 1,080. Lakini dukani palikuwa na nyingine ya inchi 27, pikseli 2,560 kwa 1,440, iliyowashwa na kuonyesha samaki wa rangi wakipita katika matumbawe. Ilikuwa nzuri; hata sisi tuliipenda. Bei yake shilingi 34,000. Ile ya inchi 24 ilikuwa 21,500.

Kijana alianza kupiga hesabu kwa haraka ya mtu anayejidanganya. "Mjomba, tukitia pawa saplai ya elfu mbili na mia tano, na SSD tukaibadilisha na ya nusu, na ile UPS tukaiacha kwa sasa..."

Hatukumwambia hapana. Tulimkumbusha kompyuta ya madrasa, kisha tukamwambia Adhuhuri imekaribia, twende tukaswali, na uamuzi tumemwachia yeye, kwani karatasi ni yake na mamake amemuamini.

Baada ya swala alibakia ameketi zuliani, mgongo kwenye nguzo, kalamu mkononi. Alipotujia alikuwa na maneno haya: "Baba alikuwa akiwaambia wenye mashua, usinunue injini isiyolingana na mwili wa chombo. Ikizidi, inapasua mbao. Ikipungua, mkondo unakuchukua. Ile skrini ni mwili mkubwa, Mjomba. Kadi yangu haiiwezi."

Akatuonyesha hesabu. Skrini ndogo ina pikseli 2,073,600. Ile kubwa ina 3,686,400, yaani karibu mara moja na robo tatu. Na kadi hulazimika kuzichora zote upya kwa kila picha, makumi ya picha kila sekunde. Kadi ya katikati inayoikimbiza skrini ndogo bila jasho, ingehema mbele ya kubwa, naye angelazimika kupunguza uzuri wa mchezo ili usikwamekwame. Angelipa zaidi ili apate pungufu.

Tulirudi tukanunua ya inchi 24. Na kwa kuwa jambo hili huwapa wazazi taabu, twalieleza kama tulivyofunzwa.

Kwanza, mtu atazame aina ya kioo. Kuna TN, ambacho ukikaa pembeni rangi hufifia. Kuna VA, ambacho weusi wake ni mzito lakini vivuli huburura kidogo mchezo unapokwenda kasi. Na kuna IPS, ambacho huonyesha rangi vizuri hata kwa aliyekaa ubavuni. Kwa kompyuta ya sebuleni, ambako mama hukaa mkekani na dada kwenye kiti, tulichagua IPS.

Pili, atazame hezi, yaani skrini huonyesha picha ngapi kwa sekunde. Skrini ya ofisini huwa 60. Yetu ni 165, na tofauti yake huonekana hata kwa macho ya mzee: kitu kinachopita hupita kama maji. Iwe pia na FreeSync, ambayo huifanya skrini iisubiri kadi, picha isikatike katikati.

Tatu, iwashwe hapo hapo dukani, iwekwe rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, na kutafutwa nukta zilizokufa. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Sheria yetu imewapa muuzaji na mnunuzi hiari maadamu hawajaachana; itumieni hiari hiyo mkiwa bado kaunta, kwani kutoka Mombasa kurudi Nairobi ni nauli nyingine. Na risiti iandikwe namba ya kifaa chenyewe, si jina lake tu.

Pawa saplai tulinunua ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus. Kadi huomba wati 132 na prosesa 65 kwa hesabu ya kiwandani. Ukijumlisha na vilivyobakia hazifiki 300 kwa kawaida, kwa hiyo 550 zatosha na kuzidi. Muuzaji alitaka kutuuzia 850. Kijana alitabasamu akasema, "Asante, mashua yetu ni ndogo."

Na kasha? Yalikuwapo ya vioo pande zote, yakimetameta taa za kila rangi. Alichagua la chuma lenye matundu mbele na chujio la vumbi, la shilingi 6,000. Pwani yetu ni joto na hewa ya chumvi. Kompyuta isiyopumua hujipika, na chuma kisichofutwa hushika kutu. Taa hazisaidii lolote hapo.

Hesabu yote, kwa bei za siku ile, ambazo hupanda na kushuka: prosesa 17,500, madabodi 14,500, RAM 6,000, SSD 8,500, pawa saplai 7,500, kasha 6,000, kadi mpya 36,000 na skrini 21,500. Jumla shilingi 117,500. UPS tuliinunua Mombasa kwa 9,000, kwa ajili ya ule umeme unaoondoka bila kuaga. Kibodi na mausi alikuwa navyo. Dada yetu alirudishiwa shilingi 3,500, zikiwa zimefungwa ndani ya ile karatasi yenye hesabu.

Sebuleni

Asubuhi ya kurudi, stesheni ya Nairobi, mizigo hupangwa mstari chini na mbwa wa ukaguzi huipitia kabla ya mashine. Kijana alisimama karibu na boksi la skrini kama mtu aliyesimama karibu na mgonjwa. Njia nzima alilikumbatia miguuni. Tulipompa nafasi yetu ya dirishani kuwaangalia ndovu alikataa.

Aliunganisha vipande siku iliyofuata, sebuleni, juu ya kitambaa kisafi, kwa bisibisi ya babake. Alifanya polepole. Kila mara aligusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli wa mwilini, akatueleza kwamba cheche usiyoiona yaweza kuua kipande. Dadake mdogo alishika parafujo kwenye kisahani. Mama alisimama mlangoni mikono ina unga.

Akawasha. Feni zikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi.

Hakuna aliyesema neno. Tulimwona rangi ikimtoka usoni, na tulijua anachofikiria: mahamri ya miaka miwili. Nasi tulikuwa tukifikiria vivyo hivyo. Alizima, akapiga magoti nyuma ya kasha, akafuata waya kwa kidole. Kisha akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu matanga. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka kwenye madabodi, na prosesa ile haina uwezo wa kuchora yenyewe. Ilipasa uchomekwe kwenye kadi. Akauhamisha. Picha ikaja. Hata hivyo skrini ilikuwa ikifanya kazi kwa hezi 60, na ni mpaka mtu aingie katika mipangilio aibadilishe kuwa 165. Kijana alituambia wako wengi wanaoinunua skrini ya kasi na kukaa nayo miaka bila kuibadilisha.

Dada yetu alitazama kwa muda, kisha akauliza swali lake moja: "Na hii yazimwaje?"

Kijana akamwonyesha kitufe. Akajaribu mwenyewe, mara mbili, akaridhika.

Sasa ni miezi mitano. Hatutawadanganya kwamba kijana amekuwa walii. Yako masiku ambayo adhana ya Isha humkuta akisema "dakika moja tu", na mamake hukifuata kile kitufe. Lakini usiku yuko ndani. Dada yetu hukanda unga wake wa kesho akiwa pale pale mkekani, naye kijana humwonyesha mashua yake ya mchezoni, injini gani ameitia na kwa nini, na mama husema marehemu asingeitia ile. Hubishana. Jirani wawili wameshamuomba awachagulie kompyuta, na mmoja alimlipa. Mwezi uliopita alituomba tumfuatilie habari za chuo cha ufundi wa mitambo.

Wazazi wenzetu, hatuwaambii kila mtoto anunuliwe kompyuta; kila mmoja anajua uwezo wake na mtoto wake. Twawaambia jambo dogo zaidi: kabla ya kukemea, kaeni mfunzwe. Muulizeni mtoto anacheza nini, na nani, na nini anachokipata humo. Akitaka kitu cha gharama, mpeni kalamu na karatasi apange hesabu yenyewe, ajue kipi kiongezwe na kipi kipunguzwe, na pesa mumwambie zimetoka wapi.

Sisi tulimrudia mpwa wetu tukamtaka radhi kwa lile la darsani. Tulimtaka radhi darsani vilevile, mbele ya wale wale, kwani kosa lililotendwa mbele ya watu halitengenezwi pembeni. Alitazama chini akasema, "Yamekwisha, Mjomba." Kisha akatuuliza kama ile kompyuta iliyoungua ya madrasa bado tunayo, apate kuifungua aone kilichosalia ndani.

Wabillahi tawfiq.